Miwani Isiyolowa

Mimi ndiye ninayeosha. Kila kinachotoka pangoni hupitia mikononi mwangu kabla ya kurudi kwenye ndoano yake: suti za mpira, mapezi, mikanda ya vipande vya risasi vya kuzamishia mwili, tochi, miwani. Nyuma ya ofisi kuna hodhi mbili za saruji. Ya kwanza ni ya kutoa tope, ya pili ni ya maji safi. Baada ya miaka mitano ya kazi hiyo unajua kilichoingia majini na kisichoingia, hata bila kuambiwa. Hata suti ya mtu aliyeogopa naijua, maana ina harufu yake, na hiyo sitaki kuieleza.

Ndiyo maana nilijua habari za ile miwani nyeusi.

Ni miwani ya kupigia mbizi kama nyingine, ila vioo vyake vimepakwa rangi nyeusi pande zote mbili. Ukiivaa huoni kitu. Kazi yake ni hiyo. Ndani ya pango la maji kuna uzi mweupe mgumu uliofungwa kwenye mawe tangu mlangoni hadi mwisho, na tope likitibuka au tochi zikizimika, uzi huo ndio macho yako. Unaukunjia vidole viwili kama pete unaufuata. Kila baada ya hatua kadhaa umebanwa mshale mdogo wa plastiki ambao ncha yake inaelekea nje, unaupapasa, unajua uende wapi. Kitabu cha kozi kinasema kila mwanafunzi avishwe miwani nyeusi, aufuate uzi kwanza nchi kavu, kisha majini, ndipo apewe kadi. Asiyefanya zoezi hilo hapewi kadi. Kimeandika hivyo kwa herufi nene. Mimi nimeishia darasa la saba na nasoma polepole, lakini herufi nene nazisoma.

Miwani nyeusi ya kwetu ilikuwa juu ya rafu, ndani ya boksi lake. Mwaka uliisha, ukaja mwingine ukaisha. Wanafunzi walikuja wakaondoka na kadi zao mpya, wakapiga picha mlangoni na Mwalimu. Mimi nilipangusa vumbi juu ya boksi, nikalirudisha.

Asubuhi ya Jumatano Mwalimu alikuja hodhini akiwa na boksi lile mkononi.

"Macho," akaniita. Jina hilo alinipa yeye, kwa sababu ya kutazama kwangu. "Nataka uioshe hii."

"Ni safi, Mwalimu."

"Najua ni safi. Ndiyo tabu yenyewe." Akacheka. Mwalimu akicheka hata wewe unajikuta unacheka. "Chukua mswaki wa zamani, usugue mkanda huu ulegee kidogo. Itie tope, kisha isuuze, uirudie mara tatu nne. Ionekane imefanya kazi. Kesho tuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mkaguzi wa chama. Yule mfamasia amekwenda kunishitaki."

Mfamasia tulimjua sote. Alimaliza kozi kwetu miezi miwili nyuma, mama mcheshi, aliniachia dawa ya mikono iliyopasuka kwa maji. Alikwenda na rafiki yake pango jingine, tope likatibuka, akaushika uzi akaufuata kwa bidii zote, kumbe anazidi kuingia ndani. Rafiki yake ndiye aliyemkamata pezi akamgeuza. Walitoka mshale wa kipimo cha hewa cha mtungi ukiwa umelala chini kabisa. Barua yake kwa chama cha wapiga mbizi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Haikutukana mtu. Ilisema tu: sikufundishwa kufuata uzi gizani, na kadi yangu inasema nilifundishwa.

"Mtu akipotea njia lazima atafute wa kumbebesha," Mwalimu akasema. "Fomu yake ninayo. Kila zoezi limetiwa alama, sahihi yake ipo, sahihi ya shahidi ipo. Atasema nini?"

Hapo nieleze hizo fomu. Zina orodha ya mazoezi yote, na mbele ya kila zoezi nafasi mbili za sahihi: ya mwanafunzi, na ya shahidi aliyeona likifanyika. Kwetu ilikuwa desturi kuzisaini asubuhi ya siku ya kwanza, zote kwa mpigo, watu wakiwa bado na nguo zao za nyumbani. Sababu ilikuwa ya kawaida tu. Ukitoka pangoni mikono inatiririka maji na vidole vimekufa ganzi, karatasi inalowa, wino unamwagika. "Tusaini tukiwa wakavu," Mwalimu alisema, na kila mtu aliona ni akili nzuri. Hata mimi niliona ni akili nzuri. Mwanzoni yaliyosainiwa asubuhi yalifanyika jioni. Baadaye yakafanyika baadhi.

Na shahidi, kwenye fomu zote za karibuni, alikuwa kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenipatia kazi hii, ila alinitangulia mlangoni tu, maana wakati ule alikuwa mbeba mitungi. Kozi ya pango aliifanya baadaye, Mwalimu akampandisha kuwa msaidizi. Jumamosi ya wiki ile ingekuwa siku yake kubwa. Kulikuwa na wageni wanne waliotaka kwenda hadi Chumba cha Pili, kule ng'ambo ya Shingo, mahali pembamba ambapo mtu akipiga pezi vibaya mara moja tope lote linaamka. Mwalimu alikuwa amempa Kaka awaongoze peke yake. Akirudi nao salama, Mwalimu angemwandikia barua ya kuwa mwalimu kamili. Mama alikuwa tayari amemshonea shati.

Nikabaki na miwani mkononi. Nikaifungua. Mpira wake ulikuwa bado na ule unga mweupe wa kiwandani, kama poda ya mtoto. Mkanda ulikuwa umeshikilia kipande chake cha karatasi ngumu. Nikahesabu kwa vidole: miwani ya zamani niliitupa lini, hii ilikuja lini, Kaka alianza kozi lini. Nikahesabu tena. Jibu likawa lile lile: Kaka hajaivaa.

Nikairudisha ndani ya boksi, nikalisukuma chini ya meza ya kazi, nikaosha suti mpaka saa ya kutoka. Nikaziosha mbili ambazo nilikuwa nimeshaziosha.

Nyumbani tunakaa watatu, mimi, Kaka na Mama. Mama ana cherehani chumba cha mbele, na kelele yake ndiyo saa yetu: ikinyamaza ujue kuna jambo. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika. Kaka alikuwa na furaha hata kutembea kwake kulikuwa kwa kurukaruka.

"Kaka, ulishawahi kuvaa miwani nyeusi?"

"Miwani nyeusi gani?"

"Ya kozi."

"Aa, hiyo." Akavua viatu. "Ile ni ya wanaoogopa giza. Mimi nimezaliwa gizani, muulize Mama, umeme ulikatika."

"Kweli kabisa," Mama akasema bila kuinua kichwa. "Mkunga akamshika mguu akidhani ni mkono."

"Nataka ulifanye zoezi lake leo," nikasema. "Hapa hapa. Nchi kavu."

"Mdogo wangu, nimechoka."

"Nitakupikia wiki nzima bila kugombana."

Akaniangalia. "Na kunifulia soksi?"

"Na soksi."

Nilifungua kamba ya kuanikia nguo uani. Mama akapiga ukelele: "Nguo zangu nitaanika wapi, mabegani mwenu?" Nikaifunga kamba kwenye kitasa cha mlango wa mbele, nikaipitisha miguuni mwa cherehani, nikaivuta ukumbini chini ya meza, nikaizungusha mguu wa kiti, nikaimalizia chumba cha nyuma kwenye kabati. Ukumbini nikaunga kipande kingine kinachokwenda jikoni, kwa sababu pangoni nako uzi una panda zake. Mfukoni nilikuwa na mishale mitatu ya plastiki iliyokatika ncha kidogo, niliyotakiwa kuitupa. Nikaibana juu ya kamba, ncha zote kuelekea mlango wa mbele. Nilijua namna ya kufanya kwa sababu zamani nilimwona Mwalimu akifanya hivyo hivyo uani kwa viti, nusu siku nzima, watu wakianguka na kucheka na yeye akisema tena, rudia tena.

Nikamfunga Kaka macho kwa kitambaa cha Mama. Nikamzungusha mara tatu ukumbini, maana anayepotea hajui uso wake unaelekea wapi, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya kamba.

"Tope limetibuka," nikamwambia. "Tochi zimekufa. Toka nje."

"Nitafika kabla Mama hajamaliza pindo."

Akaanza kwa magoti, haraka, kama mtu anayejua. Akaufikia mshale wa kwanza. Kidole chake kikaupanda, kikaushuka, kikaendelea. Hakusimama. Alikuwa anakwenda chumba cha nyuma.

Nilimfuata pembeni, viatu mkononi. Akafika kwenye panda, akachukua upande wa jikoni, akagonga kichwa kwenye ndoo, akasema neno ambalo Mama alijifanya hakulisikia. Akarudi. Akaupita mshale wa pili. Sasa alikuwa anahema. Nilimsikia, na nilikuwa nahesabu pumzi zake bila kutaka. Akaingia chumba cha nyuma, kamba ikaisha, akaanza kupapasa kabati. Alipapasa mlango wake, upande wake, mgongo wake kwenye ukuta. Akarudi mlangoni kwake. Alikuwa anatafuta pa kutokea ndani ya kabati la nguo.

Cherehani ilinyamaza.

"Ameenda wapi huyu?" Mama akauliza kutoka mbele.

Kaka akaiachia kamba. Hilo ndilo kosa lenyewe, kuliko yote. Akanyoosha mikono miwili hewani, akageuka huku na huku, mdomo wazi, na kwa muda mfupi uso wake haukuwa wa mtu anayecheza.

"Hewa imeisha," nikasema.

Akavuta kitambaa. Akaliona kabati. Akaniona mimi. Akaitazama kamba inavyorudi hadi ukumbini.

"Majini ni tofauti," akasema. "Kuna tochi. Tunabeba tatu kila mtu."

"Mfamasia naye alikuwa nazo tatu."

"Wewe unaosha tu. Usinifundishe kazi."

"Jumamosi unaingia Shingo na watu wanne."

"Nyamaza!" Akatoka, akajikwaa kwenye kamba pale cherehanini, akakaribia kumwangusha Mama na kitambaa chake. Mama akamtazama, akanitazama. Kaka alikula peke yake uani, na mimi nikamsikia akisogeza kiti, akikaa, akiinuka, akisogeza tena.

Kabla hajaingia kulala alisimama kwenye mlango wangu. "Ukisema kesho, mimi ndiye shahidi wa fomu zile. Si yeye peke yake atakayeanguka. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi osha hiyo miwani, mdogo wangu. Nakuomba." Hajawahi kuniomba kitu tangu tuzaliwe, huwa anaagiza.

Asubuhi Mwalimu aliniuliza, "Umeimaliza?" Nikasema, "Iko chini ya meza, ndani ya boksi." Haikuwa uongo. Nilikuwa na mswaki mkononi tangu saa moja kasoro. Nilikuwa nimeuchovya mswaki kwenye tope, nikaukausha, nikauchovya tena. Boksi sikuligusa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye begi la mgongoni kama la mwanafunzi. Alikuja kwa miguu akiwa ameshika viatu vyake vizuri, kavaa ndala. Alisalimia wote, hata mimi, akauliza choo kiko wapi, kisha akakaa ofisini chini ya feni na kuomba fomu. Mwalimu akaziweka mbele yake, rundo lililonyooka. Kaka alisimama kando ya mlango mikono nyuma. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, napanga mapezi ambayo yalikuwa yamepangwa.

Alisoma muda mrefu. Hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililomtesa Mwalimu. Huyu alivuta kiti, akakaa, akainuka kuzima feni, akaiwasha.

"Fomu zako ni safi," Mkaguzi akasema.

"Tunajitahidi."

"Zote. Hakuna hata moja iliyodondokewa na tone. Mimi zangu huwa kama zimetolewa mtoni." Akageuza ukurasa. "Zoezi la giza. Kifaa chake naweza kukiona?"

"Bila shaka. Macho! Lete ile miwani."

Nililiingiza boksi nikaliweka mezani. Nakumbuka Mwalimu alitabasamu akisema, "Utaisamehe, imechakaa kwa kazi."

Mkaguzi akafungua. Akaitoa miwani, akaishika kwa mkanda, na ile karatasi ngumu ikadondoka mezani. Akapitisha kidole ndani ya mpira. Akakiinua kidole hewani. Kilikuwa cheupe mpaka kwenye kiungo.

Feni ikazunguka.

"Imefundisha watu wangapi hii?" akauliza.

Mwalimu alikuwa mwepesi, siku zote. "Hiyo ni mpya! Aa, umeleta mpya, binti. Ya zamani ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, ilipasuka wiki iliyopita tukaitupa." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa yananibembeleza kuliko mdomo. "Si ndiyo, Macho?"

Huyu ndiye aliyenipokea na cheti changu cha darasa la saba wakati hoteli tatu zilinirudisha mlangoni. Ndiye aliyenifundisha kujaza mitungi, akanishika bega mara ya kwanza valvu ilipopiga kelele nikataka kukimbia. Nilimtazama yeye, kisha nikamtazama Kaka. Kaka alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila kutumia mkono.

Nikaliona tena lile kabati. Nikaiona mikono yake miwili hewani.

"Ya zamani niliitupa mimi mwenyewe," nikasema. "Mpira ulikuwa umepasuka karibu na pua. Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa nne. Kabla kaka yangu hajaanza kozi. Hii ilikuja mwezi uliofuata, na haijawahi kufika kwenye hodhi yangu."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayeosha."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Na muda wote huo hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza." Nilijibu hivyo. Ni kweli, na si kweli, na uso ulinichoma.

"Kaka yako ni yupi?"

Sikunyoosha kidole. Haikuhitajika, kwa sababu Kaka alikuwa ameshasogea mbele hatua moja, shingo imemwingia mabegani.

"Sahihi ya shahidi ni yako," Mkaguzi akamwambia. "Fomu kumi na tisa. Zoezi hili uliliona?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno langu lingekuwa la mwosha suti, lake la msaidizi, la Mwalimu la mwalimu. Nilimwona akilitafuta hilo ndiyo mdomoni. Akajipapasa paji la uso pale alipogongwa na ndoo.

"Sijawahi kuliona," akasema. "Wala kulifanya."

Mwalimu akakaa. Nilidhani atafoka, nikajiandaa, hata mguu mmoja nikauweka nje. Hakufoka. Alionekana tu amechoka ghafla.

"Zamani nilikuwa nafanya," akasema. "Macho, si unakumbuka? Viti uani. Waambie nilikuwa nafanya."

"Alikuwa anafanya," nikamwambia Mkaguzi. "Nusu siku nzima. Aliwarudisha mpaka wanamchukia."

"Ndiyo hivyo. Wanakuchukia. Wamekuja kuona pango, wewe unawatambaza uani wamefunikwa macho, wanaanza kutazama saa. Jirani kule anawamalizia kozi kwa siku mbili. Ukasema leo tuliruke, kesho tutalirudia." Akakitazama kidole cheupe cha Mkaguzi. "Na hakuna aliyekufa. Unaona hakuna aliyekufa, unaona kumbe halikuwa na kazi."

"Mmoja alikaribia," Mkaguzi akasema. "Na wewe ulimwita mwongo kwenye barua yako ya kutujibu. Nimeisoma mara mbili."

Mwalimu aliiokota ile karatasi ngumu, akaikunja mara mbili.

Mkaguzi aliandika kwa mkono, taratibu, na alisoma kwa sauti kila alichoandika ili asije mtu akasema hakusikia. Kadi ya ualimu ya Mwalimu aliichukua yeye. Kadi ya pango ya Kaka nayo aliichukua. Kozi zimesimama mpaka chama kikae. Safari ya Jumamosi haipo. Na wale wote waliopewa kadi tangu mwezi wa nne wa mwaka juzi wapigiwe simu mmoja mmoja, waambiwe wasiingie pango lolote mpaka warudie zoezi la giza bila malipo yoyote.

"Nani atapiga?" Mwalimu akauliza.

Mkaguzi alimnyooshea Kaka kalamu. "Aliyesaini."

Tulirudi nyumbani njia moja, Kaka upande ule wa barabara, mimi upande huu. Ijumaa hakuniongelesha. Mama aliligusa shati lile jipya pale lilipotundikwa, akaliacha, akaendelea na cherehani kwa kasi kana kwamba anakimbizwa. Mimi nilipika na kufua soksi, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Alizikuta zimekunjwa kitandani, akazitupa sakafuni, baadaye nikaona amezivaa.

Jumamosi wageni wanne walikuja, wakaelezwa, wakakasirika, wakaondoka. Mwalimu hakutokea. Kaka alikaa ofisini na simu na orodha, na mimi nilikaa karibu yake kuweka alama, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka kuliko wake. Alikuwa haniangalii. Alipiga.

"Hapana, si kwamba umefeli... Hapana... Ni sisi ndio hatukukufundisha." Neno hilo la mwisho mara ya kwanza lilimtoka kama mfupa. Kufikia wa tano alikuwa analisema mapema, kabla hajaulizwa. Wengine walicheka. Mmoja alitukana mpaka nikasikia mimi. Mwingine alisema kesho yake alikuwa anaingia pangoni na mtoto wake wa kiume, na Kaka akabaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa. Mfamasia alipokea kwa mlio wa kwanza. Sijui alisema nini, ila Kaka alisema, "Ndiyo, mama. Nisamehe, mama," mara mbili.

Wa kumi na moja hakupokea. Simu iliita mpaka ikaisha. Tukaruka, tukamaliza orodha, tukarudi kwake. Safari hii haikuita kabisa. Nikaliacha jina lake bila alama, na nafasi ile tupu ilikuwa inanitazama.

Kaka akainuka akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kisha akatoka. Nikasikia viti vinakokotwa uani. Nilipotoka nilimkuta amefunga uzi kwenye nguzo ya paa, ameuzungusha miti ya kuanikia suti, chini ya benchi, nyuma ya hodhi. Mishale alikuwa ameibana mwenyewe. Ile miwani nyeusi alikuwa ameivaa, ya Mwalimu, na unga umemchora duara jeupe usoni.

"Nizungushe," akasema. Ndilo neno la kwanza kuniambia tangu Alhamisi. "Na usiseme kitu."

Nikamzungusha mara tatu, nikaweka mkono wake kwenye uzi. Akaanza upande usio wenyewe. Nikauma mdomo. Alikwenda polepole, vidole vyake vimejikunja kama pete, akafika kwenye mshale wa kwanza, akaupita.

Akasimama. Mkono ukarudi nyuma. Akaupapasa mshale huo kwa kidole gumba, upande mpana, kisha ncha, kisha upande mpana tena. Alikaa pale pale kwa muda ambao ndani ya maji ungekuwa mrefu. Halafu akageuka mwili mzima bila kuuachia uzi, akarudi alikotoka, akapita benchi, akapita miti ya suti, kila mshale akiusimamia, mpaka bega lake likagonga ile nguzo ya paa ambako uzi ulianzia.

Akaisukuma miwani juu ya paji la uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikumuuliza kama ni unga.

"Yule wa kumi na moja," akasema. "Ameshapokea?"

"Bado."

"Lete simu." Alikuwa ameshaanza kutembea, miwani ikiwa bado kichwani. "Na utafute anakofanyia kazi. Asipopokea tunamfuata."

Nikaichovya miwani kwenye hodhi ya kwanza jioni ile, kisha ya pili, nikaitundika kwenye ndoano yake ikidondosha maji, na tayari Kaka alikuwa getini ananiita nifanye haraka.